Kubisha hodi WHO bila bendera: mwongozo kwa nchi zisizotambuliwa

Taiwan ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa SARS, ugonjwa mkali wa mapafu unaoambukiza, tarehe 14 Machi 2003. Wataalamu wawili wa WHO, Shirika la Afya Duniani, walifika Taipei tarehe 3 Mei. Kati ya tarehe hizo mbili, Hospitali ya Heping ilifungwa ghafla wauguzi, wagonjwa na jamaa zao wakiwa ndani. Tarehe 5 Julai kisiwa hicho kilikuwa eneo la mwisho duniani kuondolewa kwenye orodha ya maambukizi. Zile wiki saba za kusubiri ndizo sababu ya mwongozo huu.

Tumeuandika kwa ajili ya watu wa wizara za afya, maabara, vyama vya madaktari na asasi za kiraia katika nchi zinazojitawala na kubadilisha serikali kwa kura, lakini hazina kiti Umoja wa Mataifa. Mifano yetu mikuu ni Taiwan, ambayo China inaidai kuwa mkoa wake, na Somaliland, ambayo Somalia inaidai kuwa sehemu yake. Ushauri wetu mkubwa tunautoa mapema: anzeni na taarifa za ugonjwa na sampuli, kisha mikutano ya kitaalamu, na uanachama uwe wa mwisho kabisa. Wengi huanzia juu. Hubwagwa kwenye kura, na hata ule mlango mdogo uliokuwa umeegeshwa tu hufungwa.

Jueni ufunguo wa kila mlango uko kwa nani

Katiba ya WHO ilianza kazi tarehe 7 Aprili 1948, na Ibara ya 3 inasema uanachama uko wazi kwa mataifa yote. Nchi iliyoko Umoja wa Mataifa huingia kwa kuikubali tu Katiba. Isiyokuwamo huomba chini ya Ibara ya 6 na kupigiwa kura na Mkutano Mkuu wa Afya, ambako wingi wa kawaida unatosha. Visiwa vya Cook na Niue ni wanachama kamili wa WHO ingawa si wanachama wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo atakayewaambia kwamba bila New York, yaani Umoja wa Mataifa, hakuna Geneva, yaani WHO, anakosea. Ila hakuna taifa kubwa lililovidai visiwa hivyo kuwa mkoa wake. Hapo ndipo penye tofauti.

Ibara ya 8 inatoa uanachama mshiriki, kama ule wa Puerto Rico na Tokelau. Unavutia kwa sababu unaonekana mwepesi, lakini ombi lazima lipelekwe na mwanachama au mamlaka inayosimamia mambo ya nje ya eneo husika. Somaliland ikiupita mlango huu, itakuwa imekubali kwa maandishi kwamba Mogadishu, serikali ya Somalia, ndiyo msemaji wake. Msiuguse kabla wanasheria wenu hawajauchambua neno kwa neno.

Ibara ya 18(h) inaruhusu kualika mashirika bila haki ya kura, lakini shirika la kitaifa linahitaji ridhaa ya serikali inayohusika. Pale ambapo serikali mbili zinadai eneo moja, kila upande utasema “inayohusika” ni yenyewe. Halafu ipo Kanuni ya 3 ya taratibu za Mkutano Mkuu, ambayo wengi huisahau: Mkurugenzi Mkuu anaweza kualika kama mwangalizi taifa ambalo limekwisha kuomba uanachama. Maana yake ombi la uanachama, hata likijulikana halitapita, linaweza kufungua njia ya uangalizi. Lakini kura ya kushindwa hubaki kwenye kumbukumbu milele, na wapinzani wenu wataisoma kila mwaka.

Someni pia Azimio 2758 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la tarehe 25 Oktoba 1971. Ni fupi, halijazi ukurasa. Linarudisha haki za Jamhuri ya Watu wa China na kuwaondoa wawakilishi wa Chiang Kai-shek, aliyekuwa akitawala Taiwan. Neno Taiwan halimo. WHO ililifuata kwa azimio lake WHA25.1 la Mei 1972. Kwa anayetafuta marafiki Afrika Mashariki, kuna jambo la ziada la kulijua. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoliwasilisha Azimio 2758, na balozi wake kijana Salim Ahmed Salim alikuwa mstari wa mbele. Ukimwendea mwanadiplomasia wa Tanzania na maneno “2758 ilikuwa kosa”, umemtukania nyumba yake. Mwombe kitu ambacho azimio lile halikukigusa: kwamba taarifa ya mlipuko ipokelewe siku ileile, iwe imetoka Taipei au Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland.

Zitekelezeni Kanuni kabla hamjaalikwa

Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kazi tarehe 15 Juni 2007, zinasema katika Ibara ya 3 kwamba zinalenga kuwalinda watu wote wa dunia. Huo ndio msumari wenu. Taiwan ilitangaza mwaka 2006 kwamba itazifuata kwa hiari, kabla hata hazijaanza kuwabana wanachama. Januari 2009 WHO ilikubali kuwa na kituo cha mawasiliano cha moja kwa moja na mamlaka yake ya kudhibiti magonjwa. Mwishoni mwa Aprili mwaka uleule ukaja mwaliko wa mkutano wa Mei. Zingatieni mpangilio huo.

Tangazo la hiari liwe la kisheria, lipite bungeni au kwa amri ya wizara, si taarifa kwa vyombo vya habari tu. Litaje muda: tukio lipimwe ndani ya saa 48, na likionekana ni la hatari kimataifa, taarifa itoke ndani ya saa 24 baada ya tathmini hiyo. Kisha wekeni dawati lenyewe. Linahitaji watu wa zamu saa 24, simu mbili za mitandao tofauti, na anwani ya barua pepe ya ofisi isiyo na jina la mtu. Ofisi nyingi huharibikiwa hapo: anwani ni ya daktari fulani, daktari anahamishwa, na ujumbe wa Geneva unakaa miezi kwenye sanduku lisilofunguliwa.

Baada ya hapo jipimeni kwa kipimo wanachokitumia wengine. Tathmini ya pamoja ya nje, JEE, hutoa alama 1 hadi 5 kwa kila kigezo. Zanzibar ilifanyiwa ya kwake mwaka 2017, ikapata ripoti yake peke yake, mbali na ile ya Tanzania Bara ya 2016, na hakuna aliyesema kwamba Zanzibar imetambuliwa kuwa taifa. Ichukueni ripoti ile kama kielelezo. Inaonyesha kuwa WHO inaweza kupima uwezo wa eneo lenye wizara yake ya afya bila kugusa suala la kiti. WHO ikikataa kuwapima, waalikeni wataalamu wa nje wawapime kwa chombo hichohicho, kisha mchapishe alama zote, mbaya kwa nzuri. Alama 5 tupu hazimshawishi mtu.

Kwa Somaliland kuna kikwazo kingine cha kiramani. WHO ina ofisi ndogo Hargeisa, lakini iko chini ya ofisi ya Somalia, na Somalia iko kanda ya Mediterania ya Mashariki yenye makao Cairo. Ethiopia iko kanda ya Afrika, makao Brazzaville. Mgonjwa wa kipindupindu akivuka mpaka wa Somaliland na Ethiopia pale Tog Wajaale, anavuka pia kutoka kanda moja kwenda nyingine. Kwa hiyo msiishie kuripoti juu. Andikianeni hati ya ushirikiano baina ya mamlaka za afya za wilaya za pande mbili za mpaka: simu za maofisa, fomu moja ya kuorodhesha wagonjwa, kikao kila mwezi. Hati ya wilaya kwa wilaya haihitaji waziri wa mambo ya nje.

Namna ya kuandika taarifa ya kwanza

Tarehe 31 Desemba 2019 Taiwan iliiandikia WHO barua pepe kuhusu Wuhan. Ilitaja wagonjwa wasiopungua saba wa nimonia isiyo ya kawaida, ikasema wametengwa kwa matibabu, ikaomba taarifa zaidi. Baadaye ukazuka ubishi. Taiwan ilisema daktari yeyote akisoma “wametengwa” anaelewa kuwa kuna wasiwasi wa kuambukizana. WHO ikasema barua haikutaja maambukizi ya mtu kwa mtu. Tukiwaamini wote wawili, funzo kwa mwandishi wa taarifa linabaki lilelile: unachokishuku kiseme waziwazi, usimwachie msomaji akipapase.

Nchi yenye kiti inaweza kuandika kifupi kwa sababu itapigiwa simu. Ninyi hamna uhakika wa simu hiyo. Taarifa yenu isimame peke yake. Kwa mfano:

“Kati ya tarehe 3 na 9 mwezi huu, hospitali ya wilaya imepokea wagonjwa 11 wenye homa na kutokwa damu, 3 wamefariki. Wawili ni wauguzi waliowahudumia wagonjwa wa kwanza. TUNASHUKU MAAMBUKIZI YA MTU KWA MTU. Sampuli 6 zimechukuliwa tarehe 9. Kipimo cha malaria hasi zote. Tumewatenga wagonjwa na tunafuatilia watu 64. Tunaomba mambo mawili: maabara ya kupokea sampuli, na jibu kama kuna matukio ya aina hii nchi jirani. Taarifa ijayo kesho saa 4 asubuhi.”

Idadi, tarehe, shaka, hatua, ombi, saa ya taarifa ijayo. Hakuna sentensi hata moja kuhusu uhuru wa nchi, na isiwekwe. Mtumishi wa sekretarieti akiona siasa kwenye aya ya kwanza, barua inapelekwa idara ya sheria badala ya meza ya milipuko.

Tumeni nakala kwa jirani zenu saa ileile, na mchapishe muhtasari kwenye tovuti ya wizara. Ibara ya 9 ya Kanuni inairuhusu WHO kuzingatia taarifa zisizotoka serikalini, na mfumo wake wa kuchuja habari za wazi husoma tovuti na magazeti. ProMED, mtandao wa kutangaza taarifa za milipuko ulioanza 1994, nao hupokea ripoti za madaktari bila kuuliza wanatambuliwa na nani; habari za Wuhan zilitokea huko tarehe 30 Desemba 2019. Mlango rasmi ukifungwa, taarifa bado inafika.

Sampuli na ile menyu ya nchi

Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaopiga mifugo na watu, ndiyo somo lenye gharama kubwa zaidi upande wetu. Mlipuko wa 1997–98 uliopiga Garissa nchini Kenya na kusini mwa Somalia uliifanya Saudi Arabia isimamishe mifugo ya Pembe ya Afrika. Marufuku ikalegezwa, ikarudi Septemba 2000, na haikuondolewa hadi 2009. Bandari ya Berbera ya Somaliland inaishi kwa kusafirisha kondoo, mbuzi na ngamia. Nchi isiyo na sauti kwenye vyombo vya afya ya mifugo ilikuwa na njia chache za kuthibitisha kwamba wanyama wake ni wazima. Kwa hiyo uhusiano na maabara za rufaa utafuteni mapema, wakati hakuna mlipuko. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Nairobi, na UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, ndizo za kuanza nazo kwa virusi vya aina hii.

Mkataba wa kukabidhi sampuli uwe wa maabara kwa maabara. Asaini mkurugenzi, si waziri. Utaje taasisi na mji, uwe na aya inayosema hauathiri msimamo wa upande wowote kuhusu hadhi ya eneo, na useme matokeo yatarudi kwa nani, ndani ya siku ngapi, na nani ana haki ya kuchapisha mfuatano wa vinasaba.

Kifungashio hakijali siasa. Damu ya kawaida ya uchunguzi husafiri kama UN3373, namba ya kimataifa ya mizigo ya aina hiyo: chupa ya kwanza isiyovuja, kitu cha kufyonza cha kutosha ujazo wote, chombo cha pili kisichovuja, kisha boksi gumu lenye angalau uso mmoja wa milimita 100 kwa 100. Chupa ya kwanza au chombo cha pili kistahimili shinikizo la kilopaskali 95. Kwa ndege, chupa ya kwanza isizidi lita 1 ya kimiminika na boksi zima lisizidi lita 4. Alama ya almasi iwe na pande za milimita 50 au zaidi. Ila damu ya mtu anayeshukiwa kuwa na Ebola, Marburg au homa ya Crimean-Congo hairuhusiwi humo. Hiyo ni UN2814 na inahitaji kifungashio chake kilichoidhinishwa, pamoja na mtu mwenye cheti cha kukifunga. Kosa hili tu linatosha kuzuia mzigo uwanja wa ndege hadi barafu iyeyuke.

Kisha utafika kwenye fomu ya msafirishaji, sehemu ya kuchagua nchi. Orodha hizo hufuata ISO 3166, orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi. Taiwan ina TW, lakini jina rasmi la msimbo huo linaiita mkoa wa China. Kosovo mara nyingi huwekwa XK, msimbo wa muda. Somaliland haina, itabidi uchague SO. Ofisa mzalendo atakataa kubofya, na sampuli itakaa. Amueni mapema, kwa waraka wa ndani uliosainiwa, kwamba misimbo ya usafirishaji hutumika kwa usafirishaji pekee. Ofisa wa zamu asiachiwe kuamua suala la taifa saa 8 usiku akiwa na boksi la barafu kavu mkononi.

Jina kwenye kibao

Mtaulizwa: mtakaa chini ya jina gani? Majibu yaliyowahi kufanya kazi ni mengi. Taiwan iko Shirika la Biashara Duniani tangu 1 Januari 2002 kama eneo la forodha la Taiwan, Penghu, Kinmen na Matsu. Kwenye shirika la afya ya wanyama ni Chinese Taipei. Kwenye tume ya samaki wa Pasifiki ya magharibi na kati inahesabiwa kama “fishing entity”, yaani mhusika wa uvuvi, si taifa. Kila jina lilitokana na kazi inayofanyika pale, na hilo ndilo la kuiga: pendekezeni jina linaloelezea mamlaka ya afya, lisiloamua hadhi ya taifa.

Jina likishakubaliwa, hakikisheni limeandikwa kwa matumizi yote: kibao mezani, orodha ya wajumbe, takwimu, ramani, tovuti, barua za ndani. Taiwan ilikuwa ikikaa Geneva kama Chinese Taipei huku waraka wa ndani wa sekretarieti wa 2010, uliovuja 2011, ukiagiza iandikwe kama mkoa wa China. Walikubaliana kibao, hawakukubaliana karatasi.

Na msikimbilie kura kabla ya kuikagua katiba ya chombo. Wazanzibari wanajua uchungu wake. Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55, na Julai mwaka uleule ikaifuta, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Sherehe ilitangulia, kanuni ikasomwa baadaye.

Mei mjini Geneva

Mkutano Mkuu hufanyika kila Mei. Ombi la uanachama lazima limfikie Mkurugenzi Mkuu angalau siku 30 kabla ya ufunguzi. Hoja ya nyongeza kwenye ajenda, ambayo lazima iletwe na mwanachama rafiki, mwisho wake ni siku 6 kabla. Hoja hiyo huenda kwanza kwenye kamati kuu ya mkutano, kisha ukumbini, ambako kwa suala la Taiwan imezoeleka kuruhusu wasemaji wawili wa kuunga mkono na wawili wa kupinga. Rafiki wenu ana dakika chache tu. Mpeni kisa kimoja cha ugonjwa na tarehe zake. Historia ya taifa ibaki nyumbani.

Hesabuni kura kabla. Hoja ya uangalizi wa Taiwan mwaka 2004 ilipata 25 dhidi ya 133. Ombi la uanachama la 2007 lilipata 17 dhidi ya 148. Kilichofanikiwa mwaka 2009 ni barua ya mwaliko ya Mkurugenzi Mkuu, baada ya uhusiano wa Taipei na Beijing kulegea, na Taiwan ikahudhuria kama mwangalizi hadi 2016. Mwaka 2017 serikali ya Taipei ilikuwa imebadilika kwa kura, barua haikuja, na haijaja tena. Wapiga kura walitumia haki yao, na gharama ikalipwa kwenye afya. Hilo linatuuma, na ndiyo sababu hatuwashauri kuridhika na barua ya kila mwaka.

Linganisheni na Palestina. Uangalizi wake tangu katikati ya miaka ya 1970 ulijengwa juu ya uamuzi wa Mkutano wenyewe, kwa hiyo haukutegemea barua. Ombi lake la uanachama la 1989 liliahirishwa baada ya Marekani kutishia kuzuia michango, lakini kiti cha mwangalizi kilibaki, na mwaka 2024 azimio jingine likakiongezea haki. Kwa hiyo, mkipewa barua ipokeeni, lakini tumieni miaka ya urafiki kutafuta azimio. Likikosekana, ombeni angalau kanuni ya maandishi kwamba mwaliko hujirudia wenyewe hadi Mkutano uamue vinginevyo.

Pembeni ya ukumbi kuna kazi nyingi. Chama cha Madaktari cha Taiwan ni mwanachama wa Chama cha Madaktari Duniani, ambacho kina uhusiano rasmi na WHO, na wataalamu huingia na kuzungumza kupitia vyama vya namna hiyo. Jambo dogo la mlangoni: pasipoti ya nchi isiyotambuliwa haikubaliki kwenye kaunta ya vitambulisho ya Palais des Nations, jengo la Umoja wa Mataifa mjini Geneva. Waandishi wa habari kutoka Taiwan wamegeuzwa pale. Mpangeni mapema nani ana pasipoti ya pili, na kikao cha pembeni kifanyike hotelini, nje ya uzio.

Fedha na chanjo

Hapa milango ni mipana zaidi. Global Fund, mfuko wa dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, imeipa Zanzibar ruzuku zake peke yake, ikiwa na kamati yake ya uratibu, na Kosovo pia imepokea ruzuku. COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo za COVID-19, uliiingiza Taiwan, na shehena ya kwanza ya chanjo ikafika Aprili 2021. Vyombo hivi vina bodi zao na mikataba yao. Ombeni kwa takwimu za ugonjwa na mpango wa matumizi. Kwa Somaliland, ambako misaada mingi hupita kwenye bahasha ya Somalia, ombi la kwanza liwe mstari wa bajeti unaoonekana peke yake: kiasi gani kimefika Hargeisa, kwa dawa ipi, tarehe ipi.

Mabadiliko ya Kanuni za Afya yaliyoanza kazi Septemba 2025 yanamtaka kila mshiriki awe na mamlaka ya kitaifa ya utekelezaji. Undeni ya kwenu sasa, kwa sheria yenu, yenye madaraka yaleyale. Kila Jumatatu itume ripoti ya wiki kwa anwani ileile ya Geneva, iwe imejibiwa au haijajibiwa, na nakala ibaki kwenye jalada lenye tarehe na saa ya kutumwa.